UZI: Mtaa wa Boston uliopewa meno ya kutwaa ardhi, na wenyeji wakabaki

#1 Mpima Kamba (mleta uzi)

Wakuu, salamu kwenu. Huu uzi niliuahidi kwenye ile mada ya asasi zinazojinadi kuwa zinafufua mitaa iliyochoka. Nilisema kule kwamba asasi ya namna hiyo usiipime kwa idadi ya kuta ilizopaka rangi. Angalia nani kakalia viti vya bodi, halafu uliza hati ya ardhi iko mkononi mwa nani. Mdau mmoja akaniambia naleta ngonjera. Haya, leo naleta mtaa mmoja tu wenye jina na miaka yake: Dudley Street, jijini Boston, Marekani.

Mtaa uko Roxbury na unaingia kidogo Dorchester, chini ya maili mbili kutoka katikati ya jiji. Kwa macho ya mfanyabiashara wa viwanja hapo ni mahali pa dhahabu. Ila mwanzoni mwa miaka ya 1980 palikuwa na viwanja vitupu kama 1,300, karibu theluthi moja ya ardhi yote ya mtaa.

Hali hiyo ilikuwa na wenyewe. Miaka ya 1930 zilichorwa ramani za miji ya Marekani zikionyesha wapi mkopo wa nyumba ni salama na wapi ni hatari, na Roxbury ikaangukia kwenye nyekundu. Baada ya vita vya pili Wazungu wengi wakahamia vitongoji vya nje. Walioingia na waliobaki wakawa watu weusi, Walatino na wahamiaji wa Cape Verde, na benki zikawapa mgongo. Sasa mwenye nyumba ambaye hakopesheki ili akarabati, na akitaka kuuza hapati mnunuzi mwenye mkopo, anafanyaje? Baadhi yao walikata shauri mbaya: nyumba iungue, bima ilipe. Zikaungua kweli, moja baada ya nyingine. Jiji likawa linakuja kubomoa magofu, kiwanja kinabaki na majani.

Na kiwanja kitupu hakikai kitupu, mtu wa ardhi yeyote atakwambia. Malori ya wakandarasi kutoka sehemu nyingine za jiji yakawa yanakuja kumwaga vifusi, majokofu mabovu, magari yaliyokufa, mpaka nyama iliyooza. Halafu kukawa na vituo vya kuhamishia taka vinavyofanya kazi bila kibali, palepale katikati ya makazi. Fikiria unafungua dirisha wakati wa joto, na upepo unaokuja umepitia hapo kwanza.

Mwaka 1984 mfuko mmoja wa misaada wa hapo Boston, Riley Foundation, ukatembelea mtaa, ukashtuka, ukaamua kuweka hela za maana. Ukakusanya asasi zilizokuwa zikihudumia eneo lile, wakaandika mpango, wakapanga bodi. Mapema 1985 wakaitisha mkutano wa wananchi ili kuutambulisha. Meza kuu imejaa, makaratasi yamepangwa, kila kitu tayari.

Mkaazi mmoja akauliza: ninyi mliokaa hapo mbele, wangapi mnaishi mtaa huu?

Hakuna mkono ulionyanyuka.

Ukumbi ukachafuka. Kwenye ile bodi iliyopendekezwa wakaazi walikuwa wachache tu, viti vingi ni vya mashirika. Na hapa lazima niwape wale wa mfuko haki yao, maana wafadhili wengi hapo wangekunja jamvi na kwenda mtaa wenye watu wapole. Hawa walikubali bodi ivunjwe ipangwe upya. Wakaazi wakawa wengi, na makundi manne makubwa ya mtaa (weusi wa Marekani, watu wa Cape Verde, Walatino na Wazungu) yakapata viti sawa, bila kuhesabu nani ni wengi. Ndiyo ikazaliwa Dudley Street Neighborhood Initiative, kwa kifupi DSNI.

Nakunywa maji kwanza, naendelea.

#2 Bi Tausi

Nimeshapata siti ya mbele. Hilo swali la "wangapi mnaishi hapa" lingeulizwa kila semina, nusu ya semina zisingefunguliwa.

#3 Kisiki cha Mpingo

Mkuu, hadithi tamu. Lakini kubadilisha bodi ni karatasi. Taka ziliondoka au hazikuondoka?

#4 Mpima Kamba

Kisiki, huwa hunipi hata nafasi ya kupumua. Ziliondoka, na ndiyo ilikuwa kazi yao ya kwanza kabla ya kuchora ramani yoyote.

Walikwenda nyumba kwa nyumba kuuliza watu wanataka nini kwanza. Hakuna aliyejibu "mpango kabambe wa miaka 20". Walisema taka. Mwaka 1986 wakaanzisha kampeni waliyoiita Don't Dump on Us, yaani msitumwagie sisi. Wakafanya usafi wenyewe, wakaandamana, wakambana meya Raymond Flynn mpaka vile vituo haramu vikafungwa. Vilifungwa kwa kufuli hasa, la chuma, getini.

Mimi kufuli hilo nalipa uzito kuliko ripoti nyingi nilizosoma. Mtu aliyeahidiwa mtaa mpya kwa miaka 20 ameshachoka kusikia, lakini kufuli analiona asubuhi akienda kazini. Mkutano unaofuata anakuja, na anakuja na jirani yake. Mikutano yenyewe ilifanyika kwa lugha tatu: Kiingereza, Kihispania na Krioli ya Cape Verde, na wakalimani wapo. Ukimfanya mama wa Cape Verde akae saa mbili asielewe neno, wiki ijayo haji, na ukisema "tumeshirikisha jamii" utakuwa umesema uongo.

Mwaka 1987 wakawa na mpango wao wa mtaa: nyumba za bei ambayo wenyeji wanaimudu, uwanja wa wazi wa kukutania, maduka, ajira, sehemu za watoto. Jiji likaupokea. Na hapo wakagonga mwamba, mwamba wa ardhi.

#5 Mzee wa Hesabu

Subiri. Viwanja si vilikuwa vitupu? Mwamba gani tena?

#6 Mpima Kamba

Hapa ndipo raha yangu, vumilieni.

Eneo walilotaka kuanzia ni lile waliloliita Pembetatu ya Dudley, zaidi ya ekari 60, na karibu nusu yake ni vitupu. Tatizo ni kwamba vitupu hivyo vilikaa kama bao la drafti. Hiki cha jiji, kinachofuata cha mtu binafsi, kinachofuata cha jiji, halafu cha marehemu ambaye warithi hawajulikani walipo, halafu cha mtu aliyekinunua kwa bei ya bure anangoja bei ipande, na kodi ya ardhi halipi. Jiji linaweza kukupa vyake vyote na bado usipate mahali pa kujenga nyumba kumi zikafuatana. Unaweza kumfuata kila mmiliki, lakini akisikia tu mtaa unafufuliwa bei anaipandisha. Unaweza kungoja jiji litaifishe vya wasiolipa kodi, na hiyo ni miaka na miaka mahakamani.

Wakagundua sheria ya jimbo la Massachusetts, sura ya 121A, ambayo inaruhusu kampuni ya kuendeleza mji kupewa mamlaka ya kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma, kwa kulipa fidia. Sheria hiyo ilizoeleka kwa wawekezaji wakubwa. Wao wakasema, na sisi je?

Wakaunda chombo chao, Dudley Neighbors Incorporated (DNI), wakaomba. Novemba 1988 mamlaka ya uendelezaji mji ya Boston ikawakubalia. Hakuna kikundi kingine cha wakaazi Marekani kilichokuwa kimewahi kupewa meno hayo kabla yao.

#7 Wakili wa Kijiweni

Niongeze hapa maana ni eneo langu. Msidhani wakaazi walishangilia. Neno "kutwaa" kwa mtu wa Boston lilikuwa neno la kuogopesha. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mtaa mzima wa West End ulitwaliwa kwa mamlaka hiyohiyo na kubomolewa, familia za kipato cha chini zikatawanyika, yakajengwa majengo ya wenye nacho. Sasa mtu wa Dudley akisikia asasi ya mtaani kwake nayo inaomba mamlaka hayo, lazima aulize: na mimi mtanichukua lini?

Kwa hiyo DSNI walilazimika kurudi tena nyumba kwa nyumba kueleza kwamba yanayotwaliwa ni viwanja vitupu tu, nyumba yenye mtu haiguswi. Kisheria ni kifungu kidogo, lakini bila hicho wangepigwa mawe na watu wao wenyewe.

#8 Kisiki cha Mpingo

Sawa, wamepewa meno. Fidia walilipa kwa hela ya nani? Mkono mtupu haulambwi.

#9 Mpima Kamba

Ford Foundation, mfuko mwingine wa misaada, iliwapa mkopo wa dola milioni 2 kwa ajili hiyo. Mkopo, siyo sadaka. Ujenzi wenyewe ukatumia mchanganyiko ambao kila asasi ya nyumba Marekani inaufahamu: fedha za jiji na jimbo, ruzuku ya serikali kuu ya maendeleo ya jamii iliyoanza 1974, nafuu ya kodi kwa wanaojenga nyumba za kupangisha za bei nafuu iliyoanza 1986, na mikopo ya benki. Benki zenyewe zilikuwa zimeanza kubanwa na sheria ya mwaka 1977 inayozitaka zikopeshe pia mitaa ambako zinachukua amana. Yaani hela za wakaazi zilikuwa zinaingia benki siku zote, tabu ilikuwa kutoka.

Jambo moja la kutazama: DSNI yenyewe haikutaka kuwa kampuni ya ujenzi. Kazi yake ilikuwa kupanga na kukusanya watu, ujenzi ukiachiwa asasi za nyumba zilizokuwepo, kama Nuestra Comunidad. Nadhani waliona mbali. Asasi ikishakuwa mjenzi na mwenye nyumba, siku paa linavuja mkaazi anamlalamikia nani?

#10 Bi Tausi

Mimi nataka kujua hiki. Mtaa ukishasafishwa, nyumba nzuri, bustani, na ni jirani na katikati ya jiji, kinachofuata kila mahali ni bei kupanda na wenyeji kusukumwa nje. Hawa walizuiaje?

#11 Mpima Kamba

Bi Tausi umenifikisha nilikokuwa naenda.

Wangeweza kutwaa viwanja, kujenga, kuwauzia watu na hati zao, wapige picha ya kukata utepe, basi. Baada ya miaka 10 mwenye hati angeuza kwa bei ya soko, na ruzuku yote iliyoingia pale ingeishia mfukoni mwa mtu mmoja. Hawakufanya hivyo. Ardhi ilibaki mali ya DNI na haiuzwi. Anayenunua ananunua nyumba iliyosimama juu yake, na chini anapewa mkataba wa pango la ardhi wa miaka 99, unaorithishika. Marekani wanauita mfumo wa amana ya ardhi ya jamii.

Mfano, na namba hizi nazitunga ili tuelewane tu. Nyumba yenye thamani ya soko ya dola 400,000, kwa sababu ardhi haimo na ruzuku imeingia, mama mmoja anainunua kwa 200,000. Analipa mkopo wake miaka 15, kisha anataka kuhama. Soko linasema sasa ni 700,000. Haruhusiwi kuiuza bei hiyo. Mkataba una kanuni: anarudishiwa alicholipa, anapata nyongeza ya kiasi kwa mujibu wa kanuni, na anahesabiwa matengenezo makubwa aliyofanya. Tuseme anatoka na bei ya 250,000. Anayefuata ananunua kwa bei hiyohiyo, mtu wa kipato kama chake. Ruzuku iliwekwa mara moja, imesaidia familia ya kwanza, ya pili, na itasaidia ya tano.

#12 Kisiki cha Mpingo

Hapo sasa ndipo ninapokataa, na msinirushie mawe. Huyo mama kanyimwa 450,000 kwenye mfano wako mwenyewe. Tajiri wa mtaa wa pili akiuza anachukua zote, anasomesha watoto, anaanzisha biashara. Mtu mweusi wa Roxbury ambaye babu yake alinyimwa mkopo kwa ramani nyekundu, leo akipata nyumba anaambiwa wewe ridhika na kidogo kwa faida ya jamii. Kwa nini maskini tu ndiye anayefundishwa ujamaa?

#13 Mzee wa Hesabu

Kisiki hapo kapiga penyewe.

#14 Wakili wa Kijiweni

Kapiga, lakini tusilinganishe na ambacho hakikuwepo. Huyo mama bila mfumo huu asingenunua nyumba ya 400,000, angekuwa mpangaji. Baada ya miaka 15 mpangaji anatoka na risiti. Huyu anatoka na sehemu ya mkopo aliyokwisha kulipa pamoja na nyongeza.

La pili ni 2008. Mikopo ya nyumba ilipolipuka Marekani, mitaa kama Roxbury na Dorchester iliumia sana, benki zikinadi nyumba mtaa kwa mtaa. Mwishoni mwa 2010 ulifanyika utafiti wa nchi nzima kwa wenye nyumba walio kwenye amana za ardhi. Waliokuwa kwenye hatua ya kunadiwa walikuwa asilimia 0.46. Kwenye soko la kawaida ni asilimia 4.63. Ni mara kumi, na hawa wa asilimia ndogo ndio wenye kipato kidogo.

#15 Mzee wa Hesabu

Mara kumi? Nini kiliwalinda, mkataba au bahati?

#16 Wakili wa Kijiweni

Mkataba kwa sehemu kubwa. Mkopo wowote wa kuweka nyumba rehani lazima upite kwa mwenye ardhi, kwa hiyo yule dalali wa mikopo ya ajabu, ile ambayo riba inaanza chini halafu mwaka wa tatu inaruka, alikuwa anakutana na mtu wa pili anayesoma karatasi. Na mkaazi akichelewa malipo mwenye ardhi anapata taarifa mapema, anamfuata, wanakaa mezani na benki kabla ya dalali wa mnada kufika. Dalali wa mikopo anapenda mtu mpweke.

#17 Bi Tausi

Sentensi ya mwisho nimeihifadhi.

#18 Mzee wa Hesabu

Naleta kingine msije mkadhani mfumo huu haufi. Wa kwanza kabisa Marekani ulianza 1969 huko Georgia, New Communities, ulioanzishwa na wanaharakati wa haki za watu weusi, Charles Sherrod akiwemo. Walikuwa na zaidi ya ekari 5,000 za shamba. Ukame ukaja, wakaomba mkopo wa dharura wa serikali ambao wakulima Wazungu walikuwa wanaupata, wakazungushwa na kunyimwa, madeni yakawala, na 1985 ardhi yote ikaenda. Mwaka 2009, kupitia kesi ya ubaguzi dhidi ya wakulima weusi, wakashinda dola milioni 12, na 2011 wakanunua shamba jingine. Robo karne baadaye! Kwa hiyo hati kuwa mkononi mwa jamii peke yake haitoshi kama hati hiyo imewekwa rehani.

#19 Mpima Kamba

Mzee, hiyo ni nyongeza nzuri na inanirekebisha. Nilivyosema uliza hati iko kwa nani, nilipaswa kuongeza: na nani mwingine anaidai. Linganisheni na Burlington, Vermont. Kule amana ya ardhi ilianzishwa 1984, Bernie Sanders akiwa meya, na jiji lenyewe liliweka dola 200,000 za kuanzia. Ukiwa na jiji nyuma yako hupigi magoti kwa mkopo wa dharura.

#20 Kisiki cha Mpingo

Bado nina la kuuliza. Hesabu ya mwisho Dudley ni ipi? Miaka 40 ni mingi.

#21 Mpima Kamba

Kwenye ardhi ya DNI kuna makazi zaidi ya 225: ya kununua, ya kupanga, na ya ushirika. Kuna uwanja wa wazi wa mtaa, viwanja vya watoto, mashamba ya mjini, na nyumba ya kioo ya kuoteshea mboga ya futi za mraba 10,000 ambayo zamani ilikuwa gereji ya magari. Hiyo gereji naipenda. Mahali palipomwagika oili sasa panaota nyanya.

Je, 225 ni nyingi? Kwa jiji zima la Boston ni tone, nakubali. Nyumba za kwanza zilichukua muda mpaka miaka ya 1990, na nina hakika kuna mtu alihudhuria mikutano yote ya 1985 akahama kabla hajaona tofali. Na bei nje ya ile Pembetatu zimepanda vibaya sana, DSNI haina uwezo nazo. Hata jina la pale sokoni limebadilika: Dudley alikuwa gavana wa enzi za ukoloni, na mwishoni mwa 2019 Dudley Square ikawa Nubian Square. Mtaa unabadilika, haungoji asasi.

Ila bodi bado inachaguliwa na wakaazi kila baada ya miaka miwili, makundi manne bado yana viti sawa, na vijana wana viti vyao. Hiyo ndiyo hesabu ninayoanza nayo mimi.

#22 Kisiki cha Mpingo

La mwisho, nikalale. Bodi inachaguliwa, umesema. Siku moja ikichaguliwa ya wenye njaa, wakapiga kura kuuza ardhi yote kwa mjenzi wa maghorofa?

#23 Wakili wa Kijiweni

Ardhi haiko chini ya bodi ya DSNI moja kwa moja, iko DNI yenye bodi yake ndogo. DSNI inateua wengi, lakini kuna viti vya upande wa serikali, ofisi ya meya ikiwemo. Kwa hiyo wenye njaa itabidi washike bodi mbili. Halafu kila mwenye nyumba ana mkataba wake wa miaka 99. Mjenzi akinunua ardhi leo anakuta watu kibao wenye haki juu yake mpaka wajukuu zao wazeeke.

#24 Kisiki cha Mpingo

Naenda kuutafuta huo mkataba niusome mwenyewe. Nikikuta tundu narudi hapahapa.

#25 Mpima Kamba

Anza na kipengele cha mirathi. Mimi ndicho kilichonichukua wiki nzima.